Gofu ufukweni Mwanza: tuige Muirfield au St Andrews?

Entebbe wanacheza gofu kando ya Ziwa Victoria hilihili tangu 1901. Kisumu nao wana uwanja wao. Ndiyo maana mjadala wa gofu ukizuka Mwanza hauchelewi kufika hapa: tukate mashimo 18 ufukweni, tuwaachie klabu binafsi waendeshe.

Wenye hoja hiyo hupenda kutaja Muirfield, Uskoti. Klabu yake iliandika kanuni za gofu mwaka 1744, na uwanja wenyewe umeandaa The Open, mashindano makubwa ya gofu ya Uingereza, mara 16. Wanachama wanajilipia, nyasi hazingoji bajeti ya halmashauri. Na eneo la wazi lenye mwenyewe halimegwi kirahisi; hilo nalikubali bila ubishi, maana tunajua viwanja vya wazi mijini huishia wapi.

Ila Muirfield ina upande wa pili. Mwaka 2016 wanachama walipiga kura kuhusu kupokea wanawake, na theluthi mbili zilizotakiwa hazikupatikana. Waandaaji wa The Open wakaiondoa papo hapo kwenye orodha ya viwanja vyao. Mwaka uliofuata kura ikarudiwa, ikapita. Klabu ilifungua mlango kwa sababu ilikuwa na kitu cha kupoteza. Ya kwetu ingepoteza nini?

Mashimo 18 hula hekta 50 na zaidi. Huku kwetu ufukwe si mandhari tu: ni mwalo, ni mahali pa kuanika dagaa, ni njia ya kuchotea maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Mbolea ya nyasi ikisombwa na mvua, magugu maji yatashukuru.

Wanaodhani ubora hauji bila geti watazame St Andrews, mji mwingine wa Uskoti. Uwanja wake mkongwe ni mali ya umma, uko chini ya mfuko ulioundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1974. Jumapili kwa kawaida hakuna gofu. Wenyeji wanatembea humo na mbwa wao. Na bado umeandaa The Open mara 30, karibu maradufu ya Muirfield.

Kwa hiyo gofu ije, sina kinyongo nayo. Lakini njia ya wavuvi kwenda mwaloni, siku za watoto wa shule na haki ya makedi (wanaobebea wachezaji vifaa) kucheza ziandikwe kwenye masharti ya hati kabla haijasainiwa. Ikishatoka, tutakuwa tunaomba.