Si maji, ni usaha

Litaje jino kwenye baraza lolote la Malindi, hakosi mtu wa kuapa kuwa ganzi haikushika kwa sababu daktari alimdunga maji badala ya dawa. Shavu limefura kama andazi, usaha umejaa hadi kwenye ufizi, lakini mwenye makosa ni sindano! Haya, basi madaktari wa meno wote wamechimba visima.

Dawa yenyewe ya ganzi ni lidokaini, na kazi yake ni kuziba chaneli ya sodiamu, kimlango cha neva kinachopitisha ishara ya maumivu. Haikizibi kwa nje. Inayoziba kwa nje ni sumu ya bunju. Lidokaini hushika ndani, kwenye uwazi ulio chini ya kichujio, ile sehemu nyembamba inayochagua sodiamu ipite. Mwaka 2011 maabara ya William Catterall huko Seattle ilitoa muundo wa kristali, yaani umbo kamili, wa NavAb, chaneli ya sodiamu ya bakteria, na ubavuni mwake kukaonekana madirisha yanayotazama mafuta ya utando wa seli. Mwaka 2018 ikaonyeshwa kuwa dirisha likibanwa kwa kubadilisha asidi amino moja tu, dawa hupata taabu kuifikia chaneli iliyofungwa. Ya bakteria si ya binadamu, najua, lakini ukoo ni mmoja.

Kwa hiyo dawa sharti ipenye mafuta kwanza, na molekuli yenye chaji haipenyi. Hapo ndipo usaha unapoharibu mambo. pH ni kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi. pKa ya lidokaini, yaani pH ambapo nusu ya dawa ina chaji na nusu haina, ni kama 7.9. Kwenye nyama nzima, pH 7.4, karibu robo ya dawa haina chaji. Jipu likiishusha pH hadi 6.4, inabaki kama asilimia 3. Dawa ni ileile ya asilimia 2 iliyoandikwa kwenye kichupa, ila imekwama nje ya neva, na damu iliyojaa kwenye uvimbe inaizoa. Halafu mgonjwa anafoka: "Ongeza hapohapo!" Uongezewe nini? Bila adrenalini, ile inayochanganywa humo kubana mishipa ya damu ili ganzi ikae, kikomo ni 4.4 mg kwa kilo. Mtu wa kilo 50 ni 220 mg, yaani mililita 11, basi. Na sindano inayopita kwenye usaha huusukuma mbele.

Gego la chini lidungwe nyuma ya taya, kabla neva haijaingia mfupani, mbali na jipu, kisha mngoje dakika 5. Ikishindikana, usaha utolewe kwanza, jino lingoje.

Sawa, adrenalini huharibika kwa joto na mwanga, na boksi la dawa lililoachwa dirishani kwa jua letu la Machi silitetei. Na daktari anayechomoa sindano huku mkono wa pili umeshashika koleo, huyo mtukaneni, nami nitawaitikia.