Mjini Hapa Kila Mtu Ana Paredi

Naomba kuuliza: barabara za Arusha amegawiwa nani? Maana kila nikitoka, naona watu wana paredi yao, na wa kupisha ni mimi dereva bajaji.

Paredi nilianza kuichukia shule ya msingi. Asubuhi mstarini, mwalimu wa zamu anakagua kucha, nywele na soksi, na aliyechelewa anapiga magoti kwenye kokoto. Nikajua nikimaliza la saba nimeachana nayo. Thubutu! Ilikuwa inanisubiri barabarani.

Za askari sina neno nazo. Gwaride la Uhuru wanalifanyia uwanjani, wanapita kwa mwendo wa pole, wanapita kwa mwendo wa haraka, wanaondoka. Sisi raia huo wa haraka hatujafundishwa.

Chukua misafara ya wakubwa. Trafiki anaingia katikati ya kipilefti, ananyoosha mkono, basi, habari yako imekwisha. Nazima injini, maana mafuta sipewi na mtu. Juzi nimekwama Mnara wa Saa, pale wanaposema ndiyo katikati ya Cairo na Cape Town. Mimi nilikuwa katikati ya lori la saruji na gari la watalii, na mzungu mmoja ananipiga picha dirishani. Sijui kwenye hesabu yake niliingia kundi la wanyama gani. Ving'ora vikapita, vioo vyeusi tii, hata aliyepita humjui. Na mji ni huu huu wa Azimio la Arusha! Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka Butiama mpaka Mwanza kwa miguu kuliunga mkono. Kwa miguu, jamani. Leo mtu anatoka uwanja wa ndege kwenda hotelini, tunafungiwa mji.

Mwenge wa Uhuru nausema kwa heshima. Luteni Nyirenda aliupandisha Kilimanjaro mwaka 1961, na siku hizi unazunguka nchi, na mbio zinafungwa Oktoba 14. Sawa. Ila siku ulipopita mtaani kwetu nilimpigia tajiri wangu, mwenye bajaji: "Bosi, leo barabara ni Mwenge, hesabu haitatimia." Akanijibu: "Vizuri, ukumulikie uione hesabu yangu ilipo."

Shemeji yangu wa Moshi ananiambia nishukuru, kwao kila mwaka watu wanalipa hela ili wakimbie kilomita 42. Huko siingii, mtu aliyelipia uchovu wake mwache achoke.

Lakini zote hizo mama yao ni harusi ya Jumamosi. Mbele pikapu ya matarumbeta, inatembea mwendo wa konokono. Nyuma yake gari lenye maua, bwana harusi ametokeza juu ya paa anapungia watu asiowajua. Mpiga video amekaa kwenye buti lililo wazi, miguu inaning'inia, mwenzake amemshika mkanda wa suruali. Akidondoka, kosa la nani? La bajaji. Na yule wa tarumbeta kubwa kaielekeza kwangu, bajaji haina mlango, kila akipuliza kifua changu kinaitikia.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mama mmoja nimempakia soko la Kilombero, ana ndoo ya dagaa na vitunguu. Njia nzima tulikuwa timu moja. "Baba, hawa watu hawana kazi?" Hawana, mama. "Na mji wote tuwasubiri wao?" Ndiyo hivyo, mama. Nikasema leo nimepata mtu wa kunielewa.

Matarumbeta yakabadilisha wimbo. Mama akanyamaza. Akaanza kutikisa bega moja, mara mawili. "Nishikie ndoo, baba, huu wimbo siuachi." Akafunga kanga kiunoni, akashuka, akaingia nyuma ya pikapu, mikono juu, na mpiga video akamgeuzia kamera.

Nimepakata dagaa, vifodi vya abiria vinanipigia honi nyuma, mama ndiye huyo anakata kona ya kipilefti kwa mauno, na nauli hajanipa.