Tope la Mto Nairobi: lizolewe lote?

Tingatinga likishuka mtoni, wakazi wa Mathare hupata matumaini, na wana haki. Mafuriko ya Aprili 2024 yalibomoa nyumba na kuua watu. Mto uliojaa tope na plastiki hauwezi kubeba mvua ya masika, kwa hiyo anayetaka tope lizolewe namwelewa kabisa.

Ila tope la maji yasiyo na chumvi lina wenyewe. Humo huishi kombe, viumbe wa majini wenye magamba mawili, wa jenasi ya Pisidium, wengi wao wadogo kuliko punje ya ndengu. Mmoja, Pisidium artifex, anajulikana kutoka Kenya peke yake. Kombe hawa hujifukia kwenye matope laini, wakavuta maji na kuchuja bakteria na chembe za mimea iliyooza. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Hatagi mayai mtoni. Hulea watoto wachache ndani ya matamvua yake ya kupumulia, na wanapotoka tayari wana magamba yao.

Hapo wanaotetea mashine wana hoja nzito. Kombe mmoja akinasa kwenye mguu wa ndege au wa mdudu wa majini, anaweza kuanzisha ukoo mzima kwingine. Zoeni leo, wanasema, watarudi. Naikubali hoja hiyo nusu tu, kwa sababu lazima pawe na mahali walikobaki ili warudi.

Kosa letu ni kuyaona matope yote kuwa sawa. Mto Ngong unapopita eneo la viwanda, chini kuna uchafu wa viwandani na maji ya choo. Tope la namna hiyo hukosa oksijeni, na mashine ikilizoa haiui mengi. Lakini kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu unakoanzia Mto Nairobi, ni hazina ya kulindwa. Kimeshaumizwa vya kutosha na pampu za kumwagilia mashamba na maji machafu ya mji. Tingatinga lisikanyage huko hata siku moja. Magugu yang'olewe kwa mikono.

Na kwenye vijito vya katikati, ambako wengi tunabishana bila kutazama, wahandisi wateremke kwanza na ndoo na chekecheo la matundu ya milimita moja. Wachote tope, walisuuze polepole, wahesabu kilichobaki. Injini iwashwe baada ya hapo.