Soya Ikidumaa Kongwa: Dawa au Kubadilisha Mazao?

Mwezi wa tatu niliitwa shambani kwa mzee mmoja Kongwa. Soya yake ilikuwa imedumaa kwa mabaka, majani yamekuwa ya njano, na dukani walishamuuzia mbolea. Tukang'oa mche, tukasuuza mizizi kwenye ndoo. Ilikuwa na uvimbe. Mzee akafurahi: "Si ndivyo vinundu vinavyorutubisha ardhi?" Nikamwomba avibandue kwa ukucha. Kinundu cha bakteria hubanduka kirahisi, na kikiwa kinafanya kazi, ukikipasua ndani ni cha waridi. Vile viligoma, kwa sababu mzizi wenyewe ndio ulikuwa umevimba. Ni minyoo fundo, minyoo wadogo wa udongoni wanaovimbisha mizizi.

Mnyoo huyu haonekani kwa macho. Jike hutaga mamia ya mayai, na udongo ukiwa na joto kizazi kizima hukamilika kwa wiki 3 hadi 4. Udongo wa kichanga anaupenda sana. Mizizi ikishaharibika, mmea hushindwa kunywa hata mvua kidogo tunayopata, na lawama zote hubebeshwa ukame.

Wanaotetea dawa ya kuua minyoo wana hoja. Mche huumia zaidi ukiwa mchanga, na dawa huulinda wakati huo. Lakini nguvu yake hupungua, minyoo wakaongezeka tena, na nyingi ni sumu kali kwa anayezishika bila glovu. Kwa mzabibu huenda gharama ikarudi. Kwa soya ya ekari mbili sioni itakavyorudi.

Wapo wanaosubiri mbegu kinzani. Marekani, ambako minyoo wa vifuko, jamaa wa minyoo fundo, waligunduliwa kwenye soya mwaka 1954, wakulima waliegemea mno chanzo kimoja cha ukinzani, soya iitwayo PI 88788, na minyoo wengi wamekizoea.

Wanaosema "badilisha mazao" wako karibu zaidi na ukweli, ila huishia njiani. Huku kwetu zao la kubadilishia ni alizeti, kwa kuwa ina soko, au nyanya palipo na maji. Yote mawili huwalisha minyoo fundo! Karanga ni tofauti: Meloidogyne incognita na Meloidogyne javanica, aina za minyoo fundo zinazosumbua sana nchi za joto, kwa kawaida hawazaliani kwenye mizizi yake. Najua mbegu yake ni ghali, palizi inachosha, na isipokaushwa vizuri huingia sumukuvu. Bado naichagua.

Mzee atapanda karanga kwenye mabaka yale msimu ujao, soya aihamishie ng'ambo ya korongo. Nimemwomba asuuze jembe kabla ya kuvuka.