Sarafu ya Lysimachus si picha ya Alexander tu

Nimekutana tena na picha ya sarafu ya fedha ya Lysimachus, mmoja wa majenerali waliojifanya wafalme baada ya Alexander Mkuu, na maelezo yaliyowekwa chini yake yanasema tu kwamba ni "sura nzuri ya Alexander Mkuu", kana kwamba aliyeitoa alikuwa mpenda sanaa asiye na haja nyingine duniani. Maelezo ya namna hii yananiudhi, kwa sababu yanamfuta mwenye mali na kusifu pambo.

Lysimachus hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa mlinzi wa Alexander. Bwana wake alifariki Babeli mwaka 323 KK, mrithi wake mdogo akauawa baadaye kwa amri ya Cassander, mtawala wa Makedonia, na majenerali wakaanza kujiita wafalme mmoja baada ya mwingine. Kwa haki ipi? Hapo ndipo sarafu ilipofanya kazi. Upande mmoja yupo Alexander, macho ameyainua juu, na pembe ya kondoo dume ya mungu Ammon imejikunja kuzunguka sikio lake. (Wapo wanaomhusisha na Dhulkarnaini, "mwenye pembe mbili" wa Qur'ani, mjadala huo nawaachia masheikh.) Upande wa pili ameketi Athena, mungu wa kike wa Wagiriki, na kiganjani mwake amesimama Nike, mungu wa ushindi, akinyoosha shada la maua. Tazama shada linakoelekea: si kwa Alexander, bali kwa maandishi ya jina la Lysimachus, lililoambatana na cheo cha mfalme. Jina lenyewe linavishwa taji, tena na mkono wa mbinguni! Alexander mwenyewe, katika fedha yake ya kawaida, aliridhika kumweka shujaa Herakles upande mmoja na Zeus, mkuu wa miungu, upande wa pili.

Nitaambiwa kwamba sarafu hizi zilikuwa za kuwalipa askari, si za kuhubiri. Nakubali, shingo upande. Lakini askari hao, wengi wao wa kukodiwa, ndio waliokuwa na uwezo wa kumweka mfalme au kumhama usiku mmoja. Sasa ni nani mwingine aliyehitaji kushawishiwa kabla yao?

Wapinzani wake nao walifanya hivyo: Ptolemy, jenerali mwenzake aliyetawala Misri, katika sarafu zake alianza na Alexander aliyevaa ngozi ya kichwa cha tembo, kisha akaweka uso wake mwenyewe. Demetrius, mpinzani mwingine aliyejiita mfalme, naye alijichora na pembe za fahali; unyenyekevu haukuwa miongoni mwa maradhi yake.

Lysimachus aliuawa vitani Corupedium, katika Uturuki ya leo, mwaka 281 KK na ufalme wake ukasambaratika, lakini miji kama Byzantium (Istanbul ya leo) iliendelea kwa vizazi kadhaa kutoa sarafu zenye jina lake, kwa kuwa wafanyabiashara walikuwa wamekwisha kuziamini.