Yves Montand: mwimbaji aliyeigiza, au mwigizaji aliyeimba?

Mwaka 1946 Yves Montand, nyota wa Ufaransa, alipewa nafasi iliyokusudiwa mwigizaji Jean Gabin katika filamu ya mwongozaji Marcel Carné, Les Portes de la nuit. Filamu ikadoda. Lakini humo mlikuwa na wimbo, Les Feuilles mortes, ambao baadaye aliurekodi na ukazunguka dunia. Wanaoshikilia kwamba Montand alikuwa mwimbaji kwanza huanzia hapo, na siwalaumu: sinema ilimtupa, wimbo ukamwokota.

Wana mengine pia. Ivo Livi, ndilo jina lake la kuzaliwa, mtoto wa Muitalia aliyemkimbia Mussolini, alikulia Marseille akihangaika na vibarua, saluni mpaka bandarini. Jukwaa ndilo lililomtoa. Mwaka 1944 mwimbaji Édith Piaf alimshika mkono jijini Paris, na mwaka 1981, akigonga miaka 60, alirudi Olympia, ukumbi wa muziki wa Paris, na ukajaa.

Upande wa pili hutaja Le Salaire de la peur ya 1953, ile ya malori yaliyobeba kilipuzi cha nitrogliserini, kisha Z ya 1969. Kuhusu Z nina neno. Ni filamu kubwa, ila Montand mwenyewe haonekani sana, maana mwanasiasa anayemwigiza anauawa mapema. Kuitumia kama ushahidi wa kipaji chake ni kumpa sifa za mwongozaji, Costa-Gavras.

Mimi nahamia upande wa sinema kwa sababu ya onyesho moja tu, la Manon des sources ya 1986. Mzee Papet, anayeigizwa na Montand, ameketi kwenye benchi. Zamani yeye na mpwa wake waliziba chemchemi kwa siri ili jirani yao, mwenye kibiongo, ashindwe kilimo. Jirani akafa akitafuta maji. Sasa kikongwe kipofu anamweleza Papet kuhusu mwanamke aliyempenda ujanani: alikuwa na mimba yake, na mtoto alizaliwa hai, ana kibiongo.

Jukwaani Montand aliimba kwa mwili mzima, mikono, hatua, hata kofia. Pale kwenye benchi vyote kaviweka chini. Hapigi ukelele. Anasubiri, kama mwimbaji anayejua mapigo bado hayajafika, na sisi tunaona uso ukizeeka kabla yeye hajasema lolote.