Ngano ya Saudia na maji yasiyorudi

Mwaka 1992 Saudi Arabia, nchi isiyo na hata mto mmoja wa kudumu, ilivuna zaidi ya tani milioni 4 za ngano. Ilijilisha, ikabakiwa na ziada, ikauza nje kiasi cha kuhesabiwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Mwaka 2016 serikali ilisitisha kabisa kununua ngano ya wakulima wake na kuutegemeza mkate wa taifa kwa meli. Miaka miwili baadaye ilirudi nyuma kidogo, ikawaruhusu baadhi yao kulima tena. Mjadala kuhusu safari hiyo haujaisha, na kila upande una hoja nzito. Kwa maoni yangu, hata hivyo, wengi wanabishania zao gani lilimwe ilhali kiini cha jambo kiko kisimani: nani anavuta maji, kiasi gani, na kwa bei ipi.

Waliotaka nchi ijitegemee kwa chakula siku hizi wanabezwa kuliko wanavyostahili. Baada ya vikwazo vya mafuta vya 1973, nchi za Kiarabu zilipoinyima Marekani mafuta, kulisikika sauti nchini humo zikitaka Waarabu wajibiwe kwa kunyimwa nafaka. Kwa nchi iliyoagiza sehemu kubwa ya chakula chake, tishio hilo halikuwa la kupuuzwa. Serikali ikagawa ardhi, ikatoa mikopo isiyo na riba na ruzuku ya pampu, kisha ikaweka bei ya uhakika ya riyali 3,500 kwa tani, karibu dola 1,000, mara kadhaa ya bei ya soko la dunia. Mitambo ya kumwagilia inayozunguka ikachora duara za kijani Qasim, Hail, Tabuk na Wadi ad-Dawasir, duara zinazoonekana hata kutoka angani. Mafuta yalikuwa yameitajirisha miji, na kilimo kikawa njia ya kuufikisha utajiri huo vijijini na kwa jamii za wafugaji waliokuwa wakitulia mahali pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 nchi ilikuwa inajitosheleza kwa ngano.

Hofu iliyozaa mpango huo imethibitika zaidi ya mara moja. Mwaka 2008, bei za nafaka zilipopanda, India na Vietnam zilizuia kuuza mchele nje, na wanunuzi wenye fedha mkononi wakakosa wa kuwauzia. Mwaka 2022 vita vya Ukraine viliziba bandari za Bahari Nyeusi na bei ya ngano ikaruka. Kuwa na fedha hakutoshi kuileta meli, na anayeipinga sera ya kujitegemea bila kulijibu hilo hajajibu kitu.

Sasa tuyatazame maji yenyewe. Mvua katika sehemu kubwa ya Saudia ni takriban milimita 100 kwa mwaka, na maeneo mengine hayafikii hata hapo. Ngano ile haikuoteshwa na mvua hiyo. Iliota kwa maji yaliyohifadhiwa ndani ya tabaka za miamba kama Saq na Wajid, maji ya mvua zilizonyesha maelfu ya miaka iliyopita, enzi ambazo Rasi ya Arabia ilikuwa na unyevu zaidi. Mvua za leo hazikaribii kuyafidia, kwa hiyo kuyavuta ni sawa na kuchimba mafuta au dhahabu: ukitoa, umetoa. Na tani moja ya ngano, katika joto lile, inakunywa kwa makadirio ya kawaida zaidi ya mita za ujazo 1,000. Mavuno ya 1992 pekee, basi, yaligharimu zaidi ya mita za ujazo bilioni 4 zisizorudi.

Nia ya kujilisha naweza kuielewa. Ya kuuza nje siwezi. Hata baada ya bei kushushwa hadi riyali 2,000 katikati ya miaka ya 1980, serikali ilikuwa bado inainunua ngano kwa zaidi ya mara mbili ya bei ya dunia, kisha ziada inapelekwa sokoni kwa bei ya dunia. Maji ya kale yaliondoka nchini kwa hasara, yakiwa ndani ya magunia. Tena ruzuku inayolipwa kwa tani humfaidi zaidi mwenye tani nyingi. Kampuni kubwa zenye maelfu ya hekta zilivuna bajeti ya taifa kuliko yule mkulima mdogo aliyetajwa kila sera ilipotetewa.

Hapo ndipo watetezi wa kuagiza chakula wanapodhani wameshinda, na hapo ndipo nawapinga nao. Mwaka 2008 serikali iliamua kuanza kuiacha ngano, ikipunguza ununuzi wake kwa asilimia 12.5 kila mwaka. Wakulima hawakuzima pampu. Walipanda alfalfa, majani ya kulisha ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa viwanda vya maziwa vilikuwa vinakua na soko lilikuwepo. Ngano humwagiliwa miezi michache ya baridi, ilhali alfalfa hukatwa na kuchipua tena mwaka mzima, kiangazi kikali kikiwamo, na hekta yake hunywa maji mara kadhaa ya hekta ya ngano. Sera iliyotangazwa kwa jina la kuokoa maji ikafuatiwa na miaka ya kuyatumia zaidi. Bei ya ngano iliondolewa, lakini bei ya maji haikuwekwa.

Mwaka 2015 serikali iliamua malisho mabichi nayo yaachwe ndani ya miaka mitatu. Kampuni za maziwa zikayatafuta ng'ambo. Almarai, kampuni kubwa ya maziwa ya Saudia, ilikuwa tayari imenunua mashamba Argentina mwaka 2011, na mwaka 2014 ikanunua mengine Arizona, jimbo la Marekani lenye jangwa lake na visima ambavyo maji yake yanashuka, ambako maeneo mengi ya vijijini hayakuwa na kikomo cha kuvuta maji. Mwaka 2023 gavana wa jimbo hilo, Katie Hobbs, alitangaza kuifutia kampuni tanzu ya Almarai mkataba mmoja wa ardhi ya jimbo katika bonde la Butler na kutoihuisha mingine. Wakazi wa pale walikuwa na haki ya kulalamika. Kununua ngano iliyonyeshewa na mvua Ulaya au Australia ni biashara yenye akili, ila kununua majani yaliyomwagiliwa kwa maji ya kisima jangwani ni kuwabebesha wengine kiu yako. Wanaosifu biashara ya chakula wanayachanganya mambo hayo mawili mno.

Wapo wanaosema bahari itamaliza ubishi, kwa kuwa Saudia inaongoza duniani kwa kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Hesabu inakataa. Hata kwa nusu dola kwa mita ya ujazo, maji ya tani moja ya ngano yangegharimu zaidi ya dola 500, wakati ngano yenyewe kwa kawaida huuzwa chini ya hapo. Maji hayo yanafaa kwa kunywa, na pengine kwa mboga za ndani ya vitalu nyumba.

Mimi nasimama na kuagiza ngano, kutoka nchi nyingi kadiri inavyowezekana, pamoja na maghala ya kutosha miezi kadhaa. Na nasema hivi kwa sababu ile ile ya watetezi wa kujitegemea: akiba ya mwisho ya Saudia siku meli zitakapozuiwa ni maji yaliyobaki ardhini. Kuyamaliza wakati meli zinafika ni kujinyang'anya silaha kabla ya vita.

Ruhusa ya 2018 ya kurudi kwenye ngano, kwa wanaoacha malisho, hadi hekta 50 kwa mkulima na tani milioni 1.5 kwa nchi nzima, ilimpa mtu wa kijijini namna ya kuishi bila kurudisha wazimu wa 1992. Kasoro yake ni kwamba iliweka kikomo cha hekta na tani. Ningependa kikomo kiwe cha maji: kila kisima kifungwe mita, kipewe kiasi chake cha mwaka, na atakayezidisha alipe bei inayouma, kwa kuanza na mashamba makubwa yaliyovuta zaidi kwa miaka 40. Baada ya hapo mkulima aachiwe aamue mwenyewe kama maji yake yataotesha tende, ngano au nyanya.